Chuma kimebaki, jino limekwenda

Shangazi yangu alinipa jino lake limekunjwa ndani ya karatasi ya shashi. Tulikuwa tumekaa barazani kwake Wete, alasiri imeshasaliwa. Nikaifungua ile karatasi juu ya goti. Ndani mlikuwa na kofia ya jino, lile ganda bandia linalovikwa juu ya jino lililoharibika, nyeupe, nzima, ina skrubu ya chuma iliyochomoza chini yake, na pembeni nusu mbili za mzizi. Nilizishika zile nusu nikazirudisha pamoja. Zilikutana barabara kama maganda ya karanga, na kwa ndani njia ya skrubu ilikuwa imejichora mkunjo kwa mkunjo.

"Wakanambia wanatia chuma ili jino lipate nguvu," alisema. "Sasa mbona chuma kimebaki, jino ndilo lililokwenda?"

Lilikuwa gego dogo la juu, yale yaliyo kati ya chonge na magego makubwa. Alivuka bahari mara tatu kwa ajili yake: kutibiwa mzizi, kuchukuliwa kipimo cha kofia, kisha kuvishwa. Likamkalia miaka minne. Baadaye likaanza kumuuma akitafuna upande ule, ufizi ukatoa kijipu kinachokwenda na kurudi, mwisho likang'olewa katika hali hiyo niliyoiona. Kliniki iliyotia ile skrubu siitaji, kwa sababu sikukaa kuandika ili nimshitaki mtu. Ninachotaka ni kulijibu swali la shangazi, maana yeye ameuliza moja kwa moja jambo ambalo wagonjwa wengi hulipa fedha bila kuliuliza.

Siku hizi Unguja na Pemba utasikia kauli mbili juu ya jino lililoharibika sana. Moja inasema ling'olewe, yaishe. Nyingine inasema usikubali kung'olewa hata siku moja, kwani kuna posti: jino linatiwa chuma au nyuzi za kioo ndani ya mzizi, linakuwa imara kuliko lilivyozaliwa. Kauli ya kwanza ni ya wazee wetu, na ya wengi ambao kwao daktari wa meno maana yake ni koleo. Ya pili ni ya watu waliosoma kidogo, waliokwisha kuona picha kwenye simu. Kila moja ina haki yake, na nitaipa. Lakini niseme mapema nimesimama wapi: hii ya pili, ambayo ndiyo inayoonekana ya kisasa, imejengwa juu ya jambo ambalo si kweli. Posti haiongezei jino nguvu.

Tuanze na posti yenyewe. Uozo ukifika kwenye kiini cha jino, palipo na mishipa ya damu na ya fahamu, daktari anayetaka kuliokoa hukitoa kiini chote, husafisha njia za mizizi kwa visindano vyembamba vyenye makali, kisha hujaza njia hizo kwa gata-pecha, utomvu unaotokana na miti ya Kusini Mashariki mwa Asia. Wengi wetu tunaita kazi hii kuua mshipa. Hapo mzizi umetibiwa, lakini juu ya ufizi pengine umebaki ukuta mmoja tu wa jino, au hata huo haupo. Kofia haiwezi kuvikwa hewani. Ndipo daktari anapoondoa sehemu ya gata-pecha, akaingiza kijiti ndani ya mzizi, akakigandisha, na akaacha kichwa chake nje. Kichwa kile huzungushiwa kompoziti, ile ziba nyeupe ya resini, mpaka kikawa kisiki, au kijiti na kisiki humiminwa pamoja kwa chuma kwa fundi wa maabara. Kisiki ndicho kinachovaa kofia. Kijiti ndicho posti.

Kwa hiyo posti ina kazi moja: kukishika kisiki kisidondoke. Ni kama kigingi kinachoshikilia kitu juu ya ardhi. Kigingi hakiifanyi ardhi kuwa ngumu zaidi.

Imani kwamba jino lililouliwa mshipa hukauka na kuwa jepesi kuvunjika kama kuni ni ya siku nyingi, na ndiyo iliyozaa wazo la kulitia nondo. Mwaka 1989 watafiti wa Marekani, Reeh na wenzake, walichukua magego madogo ya juu yaliyokwisha kung'olewa, jino lile lile la shangazi, wakapima ugumu wake hatua kwa hatua. Kulitoboa jino ili kuufikia mzizi kuliupunguza ugumu wake kwa asilimia 5 tu. Kulichimba shimo la kuziba linalolikata kutoka mbele mpaka nyuma, kuta zake za mbele na nyuma zikaondoka, kuliupunguza kwa asilimia 63. Naomba msomaji aziweke tarakimu hizi mbili pamoja kwa muda. Mshipa uliotolewa haulidhoofishi jino kiasi cha kutisha. Linalodhoofishwa ni jino lililopoteza kuta. Na posti, ili iingie, inahitaji ndani ya mzizi pachimbwe tena. Tunapunguza mwili wa jino ili tutie kitu kisichoweza kuurudisha.

Miaka mitano kabla ya hapo, 1984, watafiti Sorensen na Martinoff walikuwa wameshapitia meno 1,273 yaliyotibiwa mizizi. Posti haikuonekana kuyaongezea meno hayo uwezo wa kuhimili kuvunjika. Kilichoyasaidia magego, makubwa na madogo, ni kufunikwa juu. Mwaka 2002 watafiti wengine, Aquilino na Caplan, wakalipata jambo hilo hilo kwa njia nyingine: meno yaliyotibiwa mzizi na kuachwa bila kofia yalipotea kwa kasi mara 6 kuliko yaliyovikwa. Ukweli huu una zaidi ya miaka arobaini. Bado shangazi aliambiwa chuma ni kwa ajili ya nguvu.

Kinacholipa jino nguvu ni nini basi? Seremala yeyote anakijua. Mpini wa patasi hupigwa nyundo siku nzima, kwa hiyo shingoni hufungwa pete ya chuma. Pete ile haiingii ndani ya mti. Imeukumbatia kwa nje ili usipasuke. Kofia ya jino hufanya vivyo hivyo, kwa sharti moja: iwe na jino la kulikumbatia. Madaktari wanataka kofia ishuke ikumbatie jino halisi, si kisiki, kwa urefu wa milimita 1.5 hadi 2 kuzunguka pande zote, na ukuta wenyewe uwe na unene wa kama milimita 1. Ukikosekana ukumbatio huo, kila ukitafuna kofia hukisukuma kisiki, kisiki huisukuma posti, na posti, ikiwa ndani ya mzizi kama kabari, huusukuma mzizi kwa ndani. Siku moja mzizi unaachia.

Jambo hili lina umri mkubwa kuliko vyombo vyetu vyote vya kisasa. Mfaransa Pierre Fauchard, katika kitabu chake cha mwaka 1728, alieleza namna ya kusimamisha jino bandia kwa vijiti vya dhahabu au fedha ndani ya mzizi. Mafundi waliokuja baadaye walipenda vijiti vya mti, kwa kuwa mti ukilowa mate huvimba ukashika kweli kweli. Ukavimba, ukashika, ukapasua mizizi. Ukiziangalia zile nusu mbili kwenye karatasi ya shashi utaona kwamba skrubu imefanya kosa la kijiti cha mti: imepata mshiko wake kwa kuubana mzizi kutoka ndani.

Hapa nataka kuwa wazi, kwa sababu watu huchanganya. Posti si za namna moja. Iko skrubu, inayojikata njia kwenye mwili wa jino kama skrubu ya mbao. Iko posti laini ya chuma iliyotengenezwa kiwandani. Iko ya chuma iliyomiminwa kufuata umbo la mzizi wa mtu mmoja. Iko ya nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa resini. Juu ya skrubu sina mizani ya kupima pande mbili. Inashika haraka, ni rahisi, inamfurahisha daktari na mgonjwa siku ile, na inaweka mkazo ndani ya mzizi kuanzia mzunguko wake wa kwanza. Hizo nyingine ndizo zenye mjadala wa haki.

Wanaotetea nyuzi za kioo wana hoja ambayo mtu wa Zanzibar anaielewa bila kufundishwa. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa ni laini, inapumua, inajongea kidogo pamoja na ukuta. Fundi akija na saruji akaziba ufa wa ukuta ule, kazi inaonekana nzuri mwaka wa kwanza. Baadaye kiraka cha saruji kimesimama imara, na chokaa pembeni yake imeanza kumeguka, maana kigumu na laini vimefungwa pamoja na kila kimoja kinajongea kivyake. Dentini, ule mwili wa jino wenye rangi ya manjano chini ya ganda jeupe, ndiyo chokaa yetu. Chuma cha pua ni kigumu zaidi yake kwa zaidi ya mara kumi. Titani, metali nyingine inayotumika kwa posti, ni kama mara sita. Nyuzi za kioo zinaikaribia dentini, kwa hiyo hujipinda pamoja nayo badala ya kuifanya ipokee mkazo wote mahali pamoja. Hii ndiyo sababu nyuzi zilipoingia, kwanza za kaboni kule Ufaransa mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisha hizi nyeupe za kioo, zilipokewa kwa furaha.

Hoja ni nzuri, na mimi mwenyewe niliishika kwa muda mrefu kama jibu la mwisho. Lakini mdomo si maabara. Utafiti wa Ujerumani uliowafuata wagonjwa kwa miaka 11, wengine wametiwa titani na wengine nyuzi za kioo, wote meno yao yakiwa na ule ukumbatio wa milimita 2, haukuona tofauti ya maana kati ya makundi mawili. Yaani pete ilipokuwapo, aina ya kijiti haikuamua sana. Nimelirudia jambo hili kichwani mara nyingi, kwa sababu linahamisha mjadala wote kutoka dukani, penye chuma na nyuzi, na kuurudisha kinywani mwa mgonjwa.

Tofauti inayobaki ni ya namna ya kushindwa. Posti ya nyuzi ikishindwa, mara nyingi hubanduka. Kofia inatoka na kisiki chake, unaishika mkononi, mzizi uko salama, daktari anaweza kuanza upya. Posti ngumu ya chuma ikishindwa vibaya, mzizi ndio unaopasuka, na mzizi uliopasuka kwa urefu hauna dawa zaidi ya koleo. Kwa mtu anayekaa Vuga au Michenzani, karibu na daktari wake, kushindwa kunakotengenezeka ni jambo la kulitafuta. Angefanya vizuri kuchagua nyuzi.

Je, kwa mtu wa Kojani, anayevuka kwanza kwa mashua, akapanda gari mpaka Chake Chake, na pengine akaambiwa aende Unguja? Kwake posti inayobanduka kila baada ya mwaka mmoja na nusu si jino lililookolewa. Ni nauli, ni siku za kazi zilizopotea, na kwa watu wengi ni tiketi ya boti kutoka Mkoani na mahali pa kulala mjini. Akipata chuma kilichomiminwa vizuri, kimelala ndani ya mzizi bila kujisokota, juu yake kofia yenye ukumbatio, anaweza kukaa nacho miaka mingi bila kumuona daktari. Wenzetu wanaoandika juu ya posti kutoka miji mikubwa hawana bahari kati ya mgonjwa na kiti. Sisi tunayo, na ina haki ya kuingia kwenye hesabu.

Na kuna kitu kingine ambacho nyuzi zinadai. Chuma kilichomiminwa hushikwa na umbo lake pamoja na saruji ya meno. Nyuzi hushikwa na gundi, na gundi ya resini haitaki maji. Inataka mzizi mkavu, jino limetengwa na mate kwa shuka ya mpira, dawa zimepakwa kwa mpangilio bila kuruka hatua, taa ya bluu inayoigandisha ina nguvu ya kutosha. Kliniki yenye vitu hivi na daktari mwenye subira ya kuvitumia itakupa kazi nzuri. Mahali ambapo mate yanazuiwa kwa pamba tu na umeme unakatika katikati ya kazi, gundi itaganda nusu, na posti ya kisasa kabisa itatoka na kipande cha muhogo.

Pemba ina sehemu yake katika habari hii ya gundi. Mafuta ya karafuu sisi tumeyajua kama dawa ya jino tangu utotoni: punje ya karafuu inatafunwa, au pamba inachovywa mafuta ikaingizwa kwenye tundu, na maumivu yanapoa. Kinachopoza ni yujino, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu. Pale Wawi, Chake Chake, kiko kiwanda kinachotoa mafuta kutoka kwenye makonyo, yaani vikonyo vya karafuu. Madaktari wa meno duniani kote wameitumia yujino hiyo kwa zaidi ya karne, ikichanganywa na oksidi ya zinki: ni dawa ya kuziba kwa muda, na ni saruji ya kujazia mizizi pamoja na gata-pecha. Harufu ile unayoisikia ukiingia kliniki ya meno ni harufu ya mashamba yetu. Lakini yujino huzuia resini kuganda sawasawa. Mzizi uliojazwa kwa saruji yenye karafuu, mabaki yake yasiposafishwa vizuri kwenye kuta za njia, gundi ya posti ya nyuzi haishiki inavyopaswa. Hili si la kumfanya mtu aikimbie karafuu. Ni la kumfanya anayetibiwa mzizi kwa daktari mmoja na kutiwa posti kwa mwingine, kama ilivyo kawaida kwetu, amwambie wa pili ametiliwa nini na wa kwanza. Nakala ya picha ya eksirei na kikaratasi chenye jina la dawa vinatosha. Wagonjwa wengi wanaondoka bila vyote viwili.

Sasa nilipe deni la kauli ya kwanza, ya wanaosema ling'olewe. Mara nyingi hudharauliwa, na si haki. Kung'oa kunamaliza usaha siku ile ile. Ni kazi ya kiti kimoja, bei yake ni ndogo, na hospitali zetu za Pemba, kutoka Mkoani mpaka Micheweni, zinaiweza. Na iko hoja ya kisayansi inayoisimamia ambayo wengi hawaijui, ilhali imefanyiwa kazi hapa hapa nchini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Muhimbili wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Nijmegen, Uholanzi, waliwachunguza Watanzania waliopoteza magego ya nyuma. Waliobaki na magego madogo yote, pamoja na walau jozi moja ya magego makubwa yanayokutana juu na chini, walitafuna vya kutosha. Kinywa hakihitaji kila jino. Mtu mwenye gego la mwisho lililooza mpaka chini ya ufizi, na mengine yote yamesimama, akiambiwa alipie kutibu mizizi mitatu, posti, kisiki na kofia, ana haki kamili ya kusema aling'oe atunze fedha yake kwa jino lenye faida zaidi.

Lakini ukiusoma utafiti ule kwa makini utaona umesema jambo jingine pia: magego madogo yote. Hayo ndiyo yaliyobeba hesabu. Jino la shangazi lilikuwa moja ya hayo. Pengo lake sasa liko palepale ukicheka unaliona, na yeye ni mtu wa kucheka. Meno yaliyopakana na pengo huanza kuinama, la upande wa pili hujongea kulifuata pengo, mfupa wa taya unapungua. Jino la mbele nalo lina uzito wake usiohesabika kwa kutafuna: binti anayetaka kazi ya hoteli Nungwi au Paje, mwalimu anayesimama mbele ya darasa, muadhini anayehitaji kutamka herufi zake zikatoka mahali pake. Kwa watu hawa kusema "yaishe" si kumaliza kitu.

Na ni katika meno ya mbele na magego madogo ndipo posti ina kazi yake ya kweli. Magego makubwa yana chumba kikubwa cha kiini ndani yake, na mara nyingi daktari anaweza kujenga kisiki kikashikwa na chumba hicho pamoja na midomo ya mizizi, bila kijiti chochote. Hapo mwanzo walitumia amalgamu, ile ziba ya rangi ya fedha, kwa kazi hiyo na iliwafaa. Siku hizi, kwa kuwa amalgamu ina zebaki na Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa juu ya zebaki, wa mwaka 2013 umetaka matumizi yake yapunguzwe, kompoziti imechukua nafasi. Kwa hiyo ukiambiwa gego lako kubwa linahitaji posti mbili, uliza kwa nini chumba chake hakitoshi. Inawezekana liko jibu zuri. Inawezekana halipo.

Jino la mbele halina chumba cha kutosha, mzizi wake ni mmoja, na chakula hulisukuma kwa pembeni. Likikatika karibu na ufizi, bila posti hakuna kisiki. Hapo posti ni ya lazima na inafaa, ikitiwa kwa adabu yake: iwe ndefu walau sawa na kofia itakayobebwa, gata-pecha ya mwisho wa mzizi iachwe milimita 4 hadi 5 ili ncha ya mzizi ibaki imefungwa, upana wake usizidi theluthi moja ya mzizi. Mzizi wenye njia pana ya umbo la yai haupendi posti ya duara kutoka kwenye pakiti. Huo unataka ya kumiminwa, au posti za nyuzi zaidi ya moja. Haya ni mambo ya daktari, lakini nayaandika kwa sababu picha ya eksirei huyaonyesha hata kwa macho ya mtu wa kawaida. Ukiona kijiti kifupi kama msumari wa kiatu chini ya kofia ndefu, uliza. Kuuliza si utovu wa adabu.

Kinachonisumbua zaidi ni meno yaliyo katikati ya kuokolewa na kung'olewa, yaliyobaki ukuta wa nusu milimita upande mmoja na milimita 3 upande wa pili. Hayo hayana jibu moja. Daktari anaweza kukata ufizi na mfupa kidogo ili jino lipate urefu, au kuuvuta mzizi utoke taratibu kwa waya, lakini kazi hizo zinaongeza gharama na miezi, na kwa mgonjwa wa shamba ni safari nyingine juu ya safari. Kwa mtu wa miaka 25 mwenye jino la mbele ningesema ajaribu, hata kwa kukopa. Kwa mtu wa miaka 70 mwenye gego dogo ambalo halionekani, ningemwacha aamue kwa raha yake, na akichagua kung'oa nisimwite mtu wa zamani. Najua wapo madaktari watakaoona nimekuwa mwepesi wa kuliacha jino. Jibu langu ni zile nusu mbili za mzizi. Miaka minne, safari tatu, na fedha ambayo shangazi aliitoa kwenye mauzo ya karafuu za msimu mzima.

Lile swali lake nililijibu hivi: chuma kilibaki kwa sababu chuma hakikuwa na lolote la kupoteza. Mkazo wote uliupata mzizi. Alinyamaza kidogo akaniambia upande wa chini liko jingine limetibiwa mshipa, na ameshaambiwa nalo litiwe chuma.

Wiki iliyofuata nilimsindikiza kwa daktari kijana Chake Chake. Lilikuwa gego kubwa la chini. Daktari alichukua kile kijiti chembamba chenye alama za milimita, akalizunguka jino pande zote, akawa anasema tarakimu kwa sauti na msaidizi anaandika: 3, 2, 2, 4. Akaitazama picha kwenye mwanga, akaiweka chini.

"Mama, hili lina kuta," alisema. "Nitalijenga nilivike kofia. Posti haina kazi hapa."

"Na lile la juu?" shangazi akauliza, akatoa karatasi ya shashi mkobani. "Lile lilihitaji?"

Daktari alizipokea zile nusu mbili, akazigeuza chini ya taa, akapitisha kucha ya kidole kwenye mdomo wa mzizi palipokuwa na shingo ya jino. Hapakuwa na kitu kilichosimama juu yake. Kofia ilikuwa imekalia kisiki kitupu.

"Lile lilihitaji mtu akwambie kweli kabla hujavuka," alisema, akamrudishia.